Niliunganisha C na D ya mke wangu, hakuna faili lililopotea, na bado najuta

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu kutoka Sumbawanga, ambako asubuhi hii baridi inamfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kunawa uso.

Shikamoo za vijana nazipokea zote hapa mwanzoni, ili mkifika katikati ya uzi na kuanza kunishambulia, heshima iwe imeshatangulia.

Ninachoandika ni kweli tupu. Mke wangu, Mama Oliva, nimemsomea uzi huu wote kabla sijaupandisha. Amekubali kwa sharti moja tu: niseme wazi kwamba yule ndege alikuwa korongo. Mtaelewa mbele.

Mods, nawaomba msiuhamishie jukwaa la mahusiano. Huu ni uzi wa partition.

Sababu ya kuandika ni hii. Juzi kijana mmoja aliuliza humu: PC ya nyumbani C imejaa, D ina nafasi kibao lakini ni ya wife, anaweka mambo yake, afanyeje ku-merge bila kupoteza data.

Alijibiwa upesi. Mmoja akamwekea hatua zote, na zilikuwa sahihi, sina ubishi nazo. Mwingine akamtajia programu. Mwingine akamkumbusha afanye backup. Nikasoma mpaka chini kabisa nikitafuta mtu aliyemuuliza swali moja dogo: mkeo anajua?

Hakuna aliyeuliza.

Mimi jambo hilo nililifanya enzi za Windows 98. Sikuulizwa na mtu, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Ngoja niwasimulie.

Nilikuwa karani wa chama cha ushirika. Form four wa zamani, mwandiko mzuri, nilijua kupiga taipu bila kutazama vidole. Kwa miaka mingi mahindi ya Ufipa yalipita kwetu, na mkulima alikuwa hana pa kwenda pengine. Akija kulalamika tunamwambia asubiri, na anasubiri kweli.

Halafu likaja soko huria. Wafanyabiashara wakaanza kufika na malori yao mpaka shambani, wanapima, wanapakia, wanaondoka. Sisi tumekaa ofisini na mihuri yetu. Haikuchukua muda tukapunguzwa kazi, na mimi nikiwemo.

Nilirudi nyumbani na kiinua mgongo na vidole vyangu kumi vinavyojua taipu.

Wakati huo kompyuta za mitumba zilikuwa zimeanza kuingia kwa njia ya Tunduma, mpakani. Nikaona hapo ndipo pa kuokokea. Wale wale wafanyabiashara walioua kazi yangu walihitaji risiti, mikataba na barua zilizopigwa vizuri. Nikasema nitawapigia mimi, hapa hapa sebuleni kwangu.

Kiinua mgongo hakikutosha. Mama Oliva akaongezea fedha ya ulezi na maharage yake.

Hapo mniwekee alama, wakuu. Mashine ile tuliinunua wawili. Mimi nilikuja kulisahau hilo mapema mno.

Aliyetuletea ni fundi mmoja wa Mbeya, Asukile, kijana mchangamfu aliyesafiri nayo kwenye basi ameifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Akaifungua sebuleni, majirani wamejaa mlangoni. Kabla ya kuingiza Windows akanigeukia.

"Mzee, diski hii niiache moja au niigawe?"

Nikasema iache moja. Ukweli ni kwamba sikuelewa swali, nikachagua jibu fupi.

Mama Oliva alikuwa amesimama nyuma na kikombe cha chai ya fundi. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta maishani. Akauliza, "Kuigawa maana yake nini, mwanangu?"

"Ni kama chumba kikubwa, mama. Naweka ukuta katikati. Huku kunaitwa C, huku D. Kila upande na vitu vyake."

"Na wa C akijaza kwake, vitamwagikia D?"

"Havimwagiki, mama."

"Basi weka ukuta. C ya Baba Oliva, D yangu."

Watu wakacheka mlangoni. Jirani mmoja akasema, "Mama Oliva, utaweka nini humo, mboga?"

"Nikikosa cha kuweka nitaiacha tupu," akajibu. "Yangu si yangu?"

Asukile akagawa. Diski ilikuwa ya giga nne, vijana mnaoweka filamu kwenye simu mnaweza kucheka. Kila mtu akapata upande wake, na upande wa D Asukile akauandika jina la mama.

Sasa nieleze kidogo jambo la kwetu, maana bila hili hamtaelewa kwa nini alisema vile.

Kwetu ni upande wa Mpui. Katika ukoo wetu, wa wengine siusemei, mwanamke akiolewa mama mkwe humjengea kihenge chake. Sio kile kikubwa cha nyumba. Ni kidogo, cha ulezi wake, na kina mfuniko wake. Mume hafungui mfuniko ule bila kumwita mwenyewe. Hata kama kuna njaa, unamwita, anakuja, anafungua yeye kwa mkono wake. Marehemu baba yangu alikuwa mkali kwa kila mtu kijijini, lakini mbele ya kihenge cha mama alikuwa anasimama kama mgeni.

Na kihenge hicho huvunjwa kwa mambo mawili tu. Mwanamke akifa, au akirudishwa kwao.

Tulipohamia mjini vihenge tuliviacha kijijini. Mama Oliva alipata kingine siku ile sebuleni. Mimi niliona ni utani.

Mwanzoni D ilikaa tupu kweli. Mimi napiga risiti na mikataba, yeye anashona vitambaa.

Wazee mnakumbuka vitambaa. Hakukuwa na sebule isiyokuwa navyo. Kitambaa juu ya kochi, juu ya redio, juu ya birika. Hata kompyuta yenyewe ilivikwa, monita ina chake, printa ina chake. Mama Oliva alikuwa fundi wa kudarizi, ile ya mishono ya msalaba, msalaba mmoja baada ya mwingine mpaka ua linatokea.

Jioni moja nilikuwa nachezea Paint, nimekuza picha mpaka ikawa vyumba vyumba vya mraba. Alikuwa anapita na chungwa mkononi. Akasimama.

"Hivyo ni nini?"

"Ni picha. Ukiikuza sana inakuwa hivi."

Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo. "Kila chumba ni mshono mmoja."

"Ni pixel, Mama Oliva."

"Wewe ita unavyotaka. Huo ni mshono. Nipishe."

Nikampisha. Tangu hapo, jioni sikukipata tena kile kiti.

Wakuu, naomba niwe mkweli, hiki ndicho kipindi ninachokikumbuka kuliko vyote maishani mwangu. Kuliko harusi. Tulipanga kwamba mchana mashine ni yangu na wateja wangu, kuanzia jioni ni yake. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa huku unaingia mpaka chini ya mlango, na nyuma ya monita kunatoka joto. Anajifunga kitenge mabegani, anaweka mikono nyuma ya kioo mpaka ipate moto, kisha anashika mouse. Mimi nakaa kwenye stuli pembeni na chai ya rangi na viazi.

Anabonyeza chumba kimoja, kimoja, kimoja. Midomo inacheza. Alikuwa anahesabu mishono kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, na akipoteza hesabu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiba.

"Umenisemesha."

"Sijafungua mdomo."

"Umevuta chai kwa kelele."

Maua, ng'ombe, maneno ya Karibu Mgeni. Akimaliza anaprint kwa ile printa ya vidoti, inayopiga kelele kama inasaga mahindi, halafu anashona kwa kufuata karatasi. Wanawake wakaanza kuja kununua michoro yenyewe. Wengine walipanda kutoka Kirando, ziwani, na dagaa wa zawadi, wakitaka mchoro ambao jirani yao hana. D ikaanza kupata watu wake. Mimi nikipita nasikia akiwaambia, "Ngoja niangalie kwenye D yangu." Alilitamka neno lile kama mtu anayetaja shamba.

Sasa tufike kwenye kosa.

Biashara ya mahindi ilipokua, mteja wangu mkubwa, Masanja, alitaka niwe namtunzia hesabu zake zote. Masanja ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, akaingia kwenye mahindi, akafanikiwa. Mtu wa utani, mkarimu, mwenye sauti ya kusikika barabarani. Nikapata CD ya programu ya hesabu. Naiingiza, ujumbe unakuja: nafasi haitoshi. C imejaa.

D ilikuwa imebaki zaidi ya nusu tupu.

Kwenye CD nyingine, aliyoniachia Asukile, kulikuwa na programu ya kugawa na kuunganisha diski. Ilikuwa na sehemu ya Merge. Unachagua partition mbili, unaiambia ipi imeze ipi. Kilichomo kwenye ile inayomezwa hakifutwi, kinawekwa ndani ya folda kwenye ile inayobaki. Nikayasoma maelezo yale mara kadhaa na kamusi pembeni. Nikaridhika kwamba hakuna kitakachopotea.

Mama Oliva alikuwa amekwenda Mpui kuvuna ulezi.

Sikumsubiri. Sikuwa na nia mbaya, na sikuwa namficha. Niliona ni kazi ya kiufundi, na mambo ya kiufundi ni yangu. Kama mtu anavyohamisha kabati.

Programu ikauliza, folda iitweje? Nikaandika MAMA. Nikaona nimefanya jambo zuri kabisa.

Kazi ile ilichukua mchana mzima. Umeme wetu wakati ule ulikuwa wa kusuasua, na ukikatika katikati ya merge umekwisha, C na D zote zinakwenda. Nilikaa mbele ya ule mstari unaojaa polepole nikiwa natoka jasho kwenye baridi ya Sumbawanga. Nilisali rozari. Nawaambia ukweli, nilisali.

Umeme haukukatika. Mashine ikawaka tena, My Computer ikafunguka, ikawa na C moja kubwa, na ndani yake folda MAMA, na ndani ya folda kila ua na kila ng'ombe wa mke wangu. Nikafungua vyote kimoja kimoja. Vyote vizima.

Nikaingiza programu ya Masanja. Ikakubali.

Mama Oliva aliporudi nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kumwambia. Siku iliyofuata Masanja akaja na karani wake kuona hesabu zake kwenye kioo. Ikawa jioni, muda wa mama. Akaingia, akawasalimu, akasema ana mchoro wa mteja wa Kirando anataka kuuprint mara moja, halafu atatuachia. Nikampisha kiti.

Akafungua My Computer.

"Baba Oliva, D yangu iko wapi?"

"Imo humo humo. Nimeiunganisha."

"Humo wapi?"

"Ndani ya C. Kuna folda. Ngoja nikuonyeshe." Nikaegemea juu ya bega lake, nikachukua mouse mkononi mwake, nikafungua. "Unaona? Maua haya. Ng'ombe huyu. Hakuna kilichopotea."

Na ili kuthibitisha nikaendelea kufungua, faili moja baada ya jingine, mbele ya wageni. Yaliyokwisha na yasiyokwisha. Yale aliyokuwa anajaribu, amefuta, ameanza upya. Mambo ambayo hata mimi wa stuli alikuwa hajanionyesha.

Nikafungua ndege mmoja. Miguu mirefu, kishungi kichwani, bawa moja bado halijaanza.

Masanja akacheka sauti yake ile. "Shemeji, huyu kuku wa wapi? Ana miguu kama amekimbia mnada."

Karani wake akaongeza, "Na nywele amesuka."

Mimi nikacheka.

Wakuu, sehemu hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Masanja hakuwa na kosa, alitania kama anavyotania kila mtu. Lakini mimi nilijua yule ni korongo. Kabla ya kwenda Mpui, wiki nzima alikuwa ananiuliza korongo wa bondeni Rukwa kishungi chake kinalala au kinasimama. Ningesema tu, "Huyo ni korongo, bado hajakwisha." Nilicheka.

Mama Oliva akasimama, akatuletea chai, akawahudumia wageni vizuri, akamuuliza Masanja habari za watoto. Walipoondoka akarudi kukaa. Sio kwenye kile kiti. Kwenye kochi.

"Hii C ni ya nani?"

"Ni ya kazi."

"Ya kazi ya nani?"

"Yangu. Lakini vitu vyako viko salama. Faili hata moja halijapotea."

"Sijauliza kama limepotea."

Nikaanza kumweleza mambo ya nafasi, programu, ujumbe wa diski kujaa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Mama yako alinipa kihenge," akasema. "Kihenge cha mwanamke kinavunjwa lini?"

Alijua najua.

"Basi niambie, Baba Oliva. Nimekufa, au nimerudi kwetu?"

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza kama mlango umefungwa. Ningependa angepiga kelele.

Nilihangaika, msidhani sikuhangaika. Nikamtumia salamu Asukile, akaja kutoka Mbeya. Alipoelewa kilichotokea alinitazama, akasema, "Mzee, ungenisubiri." Tukaitoa programu ya Masanja, tukarudisha ukuta, tukaipa D jina lake, tukahamisha kila faili mahali lilipokuwa. Kazi safi. Ukiiangalia ile diski usingejua kama iliwahi kuguswa.

Nikamwita mama aone. Asukile akasimama kando, ametoa kofia.

"Shikamoo mama. Ukuta umerudi kama nilivyouweka."

"Marahaba mwanangu. Ahsante sana." Akatazama kioo. Akaniambia mimi, "Umeujenga wewe. Ukitaka utaubomoa tena."

Asukile akatazama chini. Mimi nikasema sitaubomoa. Akasema, "Najua." Na alikuwa anasema kweli, alijua sitaubomoa. Haikuwa hoja yake.

Siku zilizofuata alikaa kwenye mashine kila jioni, nikadhani yamekwisha. Printa ikasaga, ikasaga. Kumbe alikuwa anatoa michoro yote kwenye karatasi. Alipomaliza akafuta D mwenyewe, akamwaga na Recycle Bin. Hilo nilikuwa nimemfundisha mimi.

Halafu akafunika monita na kitambaa chake, vizuri, akinyoosha pembe, akaenda zake.

Akakodi chumba karibu na soko pamoja na wanawake wenzake wawili. Wakaendelea na vitambaa, wakaongeza sare za kwaya, wakaongeza sketi za shule. Alichora kwenye karatasi za grafu, kwa penseli, na alichora vizuri zaidi kuliko kwenye Paint. Oliva na wadogo zake wamesoma kwa chumba kile zaidi ya walivyosoma kwa taipu yangu. Masanja mwenyewe alikuja kuwa mteja wake, na mkewe ana kitambaa chenye korongo wawili.

Kwa hiyo msifikiri nimewaletea habari ya ndoa iliyovunjika. Tuko pamoja mpaka leo. Tunakula pamoja, tunacheka, tunagombana kuhusu redio. Amenisamehe zamani, na aliposamehe alimaanisha.

Ila tangu wakati ule hajaweka kitu chake ndani ya kitu changu. Simu yake ni yake. Shamba lake liko upande mwingine wa barabara. Kazi yake anaimalizia kule sokoni, jioni akirudi anarudi amemaliza. Nikimuuliza leo umechora nini, ananiambia, kwa maneno. Ni mwaminifu, hanifichi. Lakini kuambiwa ua lilivyo si sawa na kukaa kwenye stuli na kuliona likitokea, chumba kimoja, kimoja, na mtu anayehesabu pembeni yako akikushutumu kwa kuvuta chai.

D ilibaki tupu kwa muda wote ambao mashine ile ilidumu. C ilijaa tena, nikawa nafuta vitu vyangu ili nipate nafasi. D sikuigusa.

Na jambo linaloniuma zaidi kiufundi ni hili. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ile programu ya hesabu, wakati wa kuiingiza, ilikuwa inauliza uiweke wapi. C au D. Ningeweza kwenda Mpui, au kusubiri tu arudi, nikamwambia, Mama Oliva, nimejaa, nipe kona kwako. Angenipa. Tena angenipa huku akinicheka mpaka majirani wasikie. Kazi ingekwisha bila merge, bila rozari.

Basi nirudi kwa kijana aliyeuliza.

Hatua ulizopewa ni sahihi, niongeze machache tu. Kwa Windows za sasa ukitumia Disk Management hakuna Merge yenyewe. Unahamisha vilivyomo D kwenda external, unafanya Delete Volume kwenye D, pale panabaki Unallocated, ndipo unakwenda C na kuchagua Extend Volume. Extend inakubali tu kama hiyo nafasi iko jirani na C upande wa kulia. Kukiwa na partition ya recovery katikati itakataa, usilazimishe. Kama ni laptop ichomeke kwenye umeme na betri iwe imejaa. Na kama D imefungwa na BitLocker, ifungue kwanza.

Kabla ya yote hayo angalia kama unahitaji kuunganisha kweli. Mara nyingi unachohitaji ni kufuta takataka za C, au kuhamishia picha na video kwingine, au kuomba kona.

Na ukiona lazima, usifanye wakati hayupo. Hata kama ni kazi ya dakika chache, hata kama una uhakika hakuna kitakachopotea. Mimi nilikuwa na uhakika, na sikukosea, hakikupotea. Mwite. Mpe kiti cha mbele, wewe kaa kwenye stuli. Mweleze kila kitufe kinafanya nini, halafu mpe mouse, abonyeze yeye. Akisema hapana, funga dirisha, kanunue diski nyingine.

Na vilivyomo ndani, asipokuonyesha, usivifungue. Ukivifungua bahati mbaya mbele ya watu na mtu akacheka, wewe usicheke.

Wataalamu, nilipokosea kwenye hatua nirekebisheni, elimu yangu ya mambo haya ni ya kujifunzia ukubwani. Waliowahi kuchangia mashine moja nyumbani nao waseme waligawana vipi, nitasoma kila comment. Matusi pia nitasoma, mengine nastahili.

Wewe kijana, najua hujafanya bado, maana nimeona uliandika unasubiri wikiendi. Ukimaliza rudi hapa. C imekuwa na ukubwa gani sitaki kujua. Tuambie yeye alisemaje.